Mtemi Kidaha wa Busiya

Sisi wa Bariadi, ambao zamani tulihesabiwa katika wilaya ya Maswa, twasikia watoto wakiuliza, "Mtemi alikuwa nani?" Basi tumeona vema kuwapa habari za jirani yetu, Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, katika nchi ya Shinyanga.

Kidaha alizaliwa mwaka 1922. Baba yake, Makwaia, alikuwa mtemi wa Busiya, na mwanawe alisoma Tabora, kisha Makerere katika Uganda. Mwaka 1945 alirithi kiti cha baba yake, angali kijana. Mwaka uo huo yeye na Mangi Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Lakini angalieni neno hili: hawakuchaguliwa na watu, waliteuliwa na Gavana.

Mwaka 1946 watemi wa Usukuma wakaungana, Maswa nayo ikiwamo, na Malya ikawa makao yao. Hapo taabu ikaanza. Serikali ilitaka watu walime kwa matuta, wapunguze ng'ombe, walinde udongo. Na amri hizo zikapitia kwa watemi. Shauri lenyewe halikuwa baya lote, kwa maana mvua ilikuwa ikichukua udongo wa mashamba. Lakini asiyetii alitozwa faini barazani kwa mtemi wake. Mtemi wa kale aliombewa mvua na mavuno. Mtemi huyu mpya akaonekana kuwa mkono wa Serikali.

Kidaha aliendelea kupewa heshima: aliingia katika Baraza la Gavana la Utendaji, tena katika tume ya Sir Hugh Dow iliyochungua habari za ardhi katika Afrika Mashariki, mwaka 1953 hata 1955. Walakini mwaka 1954 aliuacha utemi, ndugu yake Hussein akaushika. Mwaka uo huo TANU ilizaliwa, na viongozi wake walitafuta idhini kwa watu wenyewe. Mwaka 1963 utawala wa watemi ukafutwa kwa sheria. Kidaha alifariki mwaka 2007.

Hatumlaumu. Alikuwa na akili na elimu, naye aliwekwa kati ya mabwana wawili. Twajifunza kwamba kiti chaweza kurithiwa, na cheo chaweza kutolewa na mkubwa. Bali imani ya watu hairithiwi, wala Gavana hana uwezo wa kuigawa. Tuliowekwa kuongoza hata kijiji kimoja tulikumbuke hilo.