Saketi ya Kihisi Oksijeni

Mashine ya kupimia gari ikitoa msimbo P0135, inataja hitilafu katika saketi ya hita ya kihisi oksijeni, kile kilicho mbele ya kisafisha moshi. Gereji nyingi husoma maneno yote hayo kama neno moja tu: sensa. Mwenye gari anatumwa dukani, ananunua sensa, anafungiwa, na taa ya injini inawaka tena. Msimbo haukusema sensa imekufa. Umesema saketi ina kasoro, na sensa ni kipande kimoja tu cha saketi hiyo.

Kwa hiyo istilahi hii nataka iandikwe nzima, bila kukatwa: saketi ya kihisi oksijeni. Saketi ni njia yote ya umeme, kuanzia betri, fyuzi na rilei, kupitia waya na soketi, hadi kihisi, kompyuta ya injini na ethi. Wapo wanaosema "mzunguko wa umeme", na si kosa, lakini gerejini mzunguko ni wa injini pia, ule unaohesabiwa kwa dakika. Saketi haina utata huo. Na kati ya kihisi na kitambuzi nachagua kihisi, maana chombo hiki hakitambui chochote. Kinatoa volti, anayetambua ni kompyuta.

Ndani ya kihisi kuna kauri ya zirkonia. Upande mmoja unaguswa na moshi wa ekzosi, upande wa pili na hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo ndiyo inayozaa umeme: petroli ikizidi, oksijeni kwenye moshi hupungua na volti hukaribia 0.9, hewa ikizidi, hushuka hadi karibu 0.1. Mpaka ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kiwango ambacho wahandisi hukiita lamda 1. Bosch ndio waliotangulia kukiingiza kihisi hiki sokoni, mwaka 1976, katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Ila zirkonia ikiwa chini ya takriban nyuzi 300 za Selsiasi haisemi kitu cha maana, ndiyo sababu baadaye ikawekewa hita.

Hapo ndipo P0135 inapohusika. Katika kihisi cha nyaya nne, mbili ni za hita, na mara nyingi zina rangi moja. Chomoa soketi, washa swichi, pima upande wa gari: waya mmoja unapaswa kuwa na volti 12 hivi. Kwenye baadhi ya magari umeme huo huja injini ikiwa inaunguruma tu. Usipoupata, tafuta fyuzi, rilei, au waya uliolalia bomba la moto ukaungua. Umeme ukiwepo, pima ukinzani wa hita yenyewe. Omu chache au kumi na kitu ni dalili ya uzima; mita isiposoma kitu kabisa, hita imekatika, na hapo sensa mpya ina haki ya kununuliwa. Hita ikiwa nzima na umeme upo, fuata waya wa pili hadi kwenye kompyuta, kwa sababu mara nyingi ethi ya hita hutolewa huko.

Waya wa ishara una siri yake. Katika magari mengi kompyuta yenyewe huweka volti 0.45 hivi kwenye waya huo. Injini ikiwa ya moto na namba ikaganda hapo, unachosoma ni sauti ya kompyuta; kihisi hakijibu, au waya umekatika. Ikiganda karibu na sifuri, usikimbilie kulaumu: ekzosi iliyotoboka kabla ya kihisi huvuta hewa na kukidanganya. Vipimo hivi vya volti za ishara havifai kwa vihisi vya masafa mapana vilivyo kwenye magari mengi mapya, ambavyo husomwa kwa mashine.

Waya ukihitaji kuungwa, usiuchomelee kwa risasi wala usijaze grisi kwenye soketi. Vihisi vingi hupata hewa yao ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya. Ukiziziba, kihisi kizima kitaanza kutoa volti za uongo. Unga kwa viungio vya kubana, mbali na joto la bomba, kisha futa msimbo na uliendeshe gari hadi injini ipate moto kabla ya kupima tena.