Mbwa wa kufuata damu

Mbwa wa kufuata damu ni mbwa aliyefundishwa kumtafuta mnyama wa porini aliyejeruhiwa kwa risasi au mshale kisha akakimbia na kupotea machoni mwa mwindaji. Mbwa huyu hufuata harufu ya damu, ya nyayo na ya mwili wa mnyama mpaka mahali alipoangukia au alipojificha. Hutumiwa zaidi katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hasa kwa kulungu na nguruwe mwitu. Hutumiwa pia kwa wanyama mbuai, yaani wanyama wanaowinda na kula wengine, kama vile dubu, chui, mbweha na koyoti.

Umuhimu wake ni wa namna tatu. Kwanza, mnyama aliyejeruhiwa hupunguziwa mateso. Pili, nyama au ngozi haipotei bure. Tatu, watu wanaoishi karibu na msitu huepushwa na hatari, kwa sababu mbuai mwenye jeraha anaweza kumshambulia yeyote anayemkaribia bila kujua.

Tofauti na mbwa wengine wa uwindaji

Mbwa wa msako hutangulia mbele ya wawindaji, huwafurusha wanyama vichakani na kuwakimbiza. Mbwa wa kuokota huleta ndege au wanyama wadogo waliokwisha kuanguka. Mbwa wa kufuata damu huitwa baada ya risasi kupigwa, pale mwindaji anapokuta damu lakini mnyama hayupo.

Tofauti nyingine ni mwendo. Mbwa wa msako hufanya kazi kwa mbio na kelele, mara nyingi akiwa katika kundi. Mbwa wa kufuata damu kwa kawaida huwa peke yake, amefungwa kamba ndefu, na hutembea polepole pua ikiwa chini. Hutakiwa kushikamana na njia ya mnyama mmoja tu, hata kama wanyama wazima wamepita papo hapo baadaye.

Historia

Utaratibu huu ulikuzwa zaidi katika nchi zinazozungumza Kijerumani. Zamani, kabla ya bunduki kuwa bora, wawindaji wa makasri walikuwa na mbwa wa kamba aliyetumiwa alfajiri kutambua mahali alipolala kulungu dume mkubwa. Bunduki zilipoboreshwa, na uwindaji mkubwa wa watawala ulipopungua, kazi ya mbwa huyo ilihama: badala ya kutafuta mnyama kabla ya kupigwa, akatafuta mnyama baada ya kupigwa.

Kutokana na mbwa hao ilipatikana aina ya Hannover, ambayo chama chake cha wafugaji kilianzishwa mwaka 1894. Aina hiyo ilionekana kuwa nzito kwa milima ya kusini, hivyo ilichanganywa na mbwa wepesi wa Alpi na kupatikana aina ya Bavaria, ambayo chama chake kilianzishwa mjini München mwaka 1912. Katika lugha ya wawindaji wa Kijerumani, damu ya mnyama huitwa kwa neno ambalo katika usemi wa kawaida humaanisha jasho. Ndiyo maana jina la mbwa hao, likitafsiriwa neno kwa neno, ni "mbwa wa jasho".

Nchini Marekani desturi hii ilichelewa, kwa sababu majimbo mengi yalikataza mbwa wasitumiwe kabisa katika uwindaji wa kulungu. Katika jimbo la New York, John Jeanneney alianza majaribio katika miaka ya 1970 kwa kibali cha utafiti, akitumia mbwa wadogo wa miguu mifupi aina ya dachshund wenye manyoya magumu. Baadaye jimbo hilo lilikubali kutoa leseni kwa mbwa wa kamba wanaotafuta kulungu na dubu waliojeruhiwa, na majimbo mengine mengi yakafuata.

Uwezo wa pua

Pua ya mbwa ina seli za harufu zaidi ya milioni 200, wakati ya binadamu ina milioni 5 au 6 hivi. Mbwa anapofuata njia hanusi damu peke yake. Hunusa pia majani yaliyopondwa, udongo uliochimbuliwa, nywele na chembe za ngozi zilizodondoka, na harufu inayotoka katika miguu ya mnyama. Ndiyo maana mbwa mzoefu anaweza kuendelea hata pale damu inapokatika kabisa.

Mbwa anaweza pia kutambua upande aliokwenda mnyama. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005, ambayo yalitumia nyayo za watu, yalionyesha kwamba mbwa walihitaji nyayo 5 tu zilizofuatana ili kujua mtu alikuwa akielekea wapi.

Unyevu mdogo na ubaridi huhifadhi harufu. Jua kali, upepo mkavu na mvua kubwa huipunguza.

Hatua za kazi

Kazi huanza mahali mnyama alipokuwa amesimama alipopigwa. Mahali hapo huwekwa alama, na watu hukatazwa kupakanyaga, kwa sababu viatu hubeba damu na kuisambaza kila upande. Wawindaji wengi huharibu kazi hapa: hukimbilia vichakani kutafuta wenyewe, na wakishindwa ndipo wanamwita mwenye mbwa.

Mwongozaji wa mbwa huchunguza dalili ili kujua jeraha liko wapi:

- Damu nyekundu yenye mapovu huonyesha mapafu. Mnyama kwa kawaida hafiki mbali.
- Damu nzito ya rangi ya kukoza huonyesha ini.
- Majimaji yenye chakula au kinyesi huonyesha tumbo au utumbo. Mnyama anaweza kuishi saa nyingi.
- Vipande vya mfupa mara nyingi huonyesha mguu. Mnyama huyu anaweza kukimbia kilomita kadhaa.

Baada ya hapo huja kusubiri. Mnyama aliyepigwa tumboni akiachwa atulie, hulala karibu na mara nyingi hufia hapo. Akifuatwa mapema, huinuka akiwa bado na nguvu na kwenda mbali asikopatikana. Kwa jeraha la tumbo huhitajika kungoja saa kadhaa, jambo ambalo ni gumu kwa mwindaji mwenye wasiwasi.

Kisha mbwa hufungwa kamba ya mita 6 hadi 12 na kuonyeshwa mahali pa kuanzia. Mwongozaji humfuata nyuma akiangalia dalili na kuweka alama kila anapoona damu. Mbwa akipoteza njia, hurudishwa kwenye alama ya mwisho na kuanza upya. Mnyama akikutwa hai na bado anaweza kukimbia, mbwa anaweza kufunguliwa amsimamishe kwa kumbwekea mpaka mwindaji afike na kummaliza.

Kuwafuatia wanyama mbuai

Mbuai ni wagumu kufuatwa kuliko wanyama wenye kwato. Kwato huchimba udongo na kuacha alama wazi, lakini nyayo za paka na mbwa wa porini ni laini na huacha alama hafifu. Dubu ana mafuta mengi chini ya ngozi ambayo huweza kuziba tundu la risasi, na manyoya yake marefu hufyonza damu kabla haijadondoka. Mwindaji anaweza kutembea hatua nyingi bila kuona hata tone, akadhani amekosa, kumbe mnyama ameumia vibaya. Hapo pua ya mbwa ndiyo inayotoa jibu.

Koyoti wa Amerika ya Kaskazini mara nyingi huwindwa kwa kuitwa kwa sauti inayofanana na ya sungura anayeumia. Akipigwa, hukimbilia nyasi ndefu au mashamba, na rangi yake hufanana na nyasi kavu kiasi kwamba mtu anaweza kumpita karibu asimwone. Mbweha mwenye jeraha huingia shimoni, na akishaingia ni vigumu kumtoa.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wanyama wanaoweza kumuua mtu. Chui aliyejeruhiwa hujibanza katika kichaka kizito na kunyamaza, kisha hushambulia kutoka hatua chache. Katika hali hiyo mbwa hufanya kazi mbili: huonyesha njia, na humwonya mwongozaji kwa kusimama, kusimamisha manyoya ya shingoni au kunusa hewani. Ishara hizo zinaweza kumpa mtu nafasi ya kujiandaa. Kwa sababu hiyo dubu na chui hawafuatwi usiku isipokuwa kwa dharura.

Mwindaji na mwandishi Jim Corbett (1875-1955), aliyezaliwa Nainital nchini India, alieleza kazi ya namna hii katika kitabu chake *Man-Eaters of Kumaon* cha mwaka 1944. Sura moja inamhusu mbwa wake Robin, aliyenunuliwa kwa rupia 15 akiwa mtoto dhaifu kuliko wenzake, na aliyekwenda naye kuwafuatia chui waliojeruhiwa. Corbett alihamia Kenya mwaka 1947, akaishi Nyeri, na huko ndiko alikozikwa.

Kitabu hichohicho kinaonyesha gharama ya kumwacha mnyama na jeraha. Chui-milia jike wa Champawat, aliyeuawa na Corbett mwaka 1907, anahesabiwa kuwa aliua watu 436 katika Nepal na India. Corbett alipomchunguza alikuta meno yake makubwa ya upande wa kulia, la juu na la chini, yamevunjwa na risasi ya zamani. Aliamini kwamba jeraha hilo ndilo lililomzuia kuwinda mawindo yake ya kawaida, akageukia watu.

Mafunzo

Mafunzo huanza mbwa akiwa mdogo, kwa njia fupi ya damu yenye zawadi ya nyama mwishoni. Polepole njia huongezwa urefu, huwekwa kona, na huachwa ikae muda mrefu zaidi kabla ya mbwa kuletwa. Katika mtihani mmoja wa Ujerumani, mbwa hufuata njia ya angalau mita 1,000 iliyotengenezwa kwa robo lita tu ya damu na kukaa saa 20 au zaidi. Katika ngazi ya juu njia hukaa saa 40 au zaidi.

Waalimu wengi hutumia pia viatu maalumu vilivyofungwa kwato za mnyama kwenye soli. Mwalimu akitembea navyo, huacha harufu ya mguu pamoja na matone machache ya damu. Lengo ni mbwa asizoee damu peke yake.

Sifa zinazotafutwa ni utulivu, uvumilivu na utii. Mbwa mwenye ukali mwingi hafai kwa mbuai, kwa kuwa hujitupa juu ya mnyama na kuumizwa. Mwoga naye hafai, kwa kuwa huacha njia harufu ya mnyama inapokuwa kali.

Afya na usalama

Mbwa anayegusana na mbuai anaweza kuambukizwa kichaa cha mbwa, homa ya mbwa (distempa), minyoo na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na utitiri wa upele. Kwa hiyo huhitaji chanjo kamili, na hukaguliwa majeraha kila baada ya kazi. Siku hizi mbwa wengi huvalishwa fulana ya kinga na mkanda wa shingoni wenye GPS, ili wasipotee wanapofunguliwa.

Sheria

Ujerumani, sheria ya uwindaji inataka mnyama aliyejeruhiwa vibaya auawe bila kukawia ili asiteseke. Sweden, anayewinda wanyama wakubwa, wakiwemo dubu na mbwa mwitu, lazima aweze kupata mbwa aliyefundishwa kufuata wanyama waliojeruhiwa katika muda usiozidi saa 2 baada ya kupiga.

England na Wales, sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa mbwa, lakini iliruhusu kwa masharti mbwa wasiozidi 2 kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa. Afrika Kusini, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2008 zinakataza kuwawinda kwa mbwa mbuai wakubwa walio hatarini, isipokuwa pale mbwa anapotumiwa kumfuatia mnyama aliyejeruhiwa.

Afrika ya Mashariki

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania, uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa kibali katika maeneo maalumu. Kazi ya kumfuatia mnyama aliyejeruhiwa hufanywa hasa na wasoma nyayo, watu wenye ujuzi wa kutambua alama za miguu, majani yaliyokunjwa na matone ya damu kwa macho.

Kisiwani Unguja kulikuwa na makundi ya wasasi waliowinda kwa mbwa, na chui wa Unguja aliwindwa sana baada ya mwaka 1964. Mbwa hao walikuwa wa msako, si wa kufuata damu.

Kwa sasa mbwa wenye ujuzi wa kufuata harufu kwa kamba hutumiwa Kenya na Tanzania na askari wa wanyamapori. Wanachofuata ni njia ya jangili kutoka mahali alipoua mnyama. Mbinu ni ileile: kulinda mahali pa kuanzia, kutulia, na kumwamini mbwa.

Mjadala

Baadhi ya watetezi wa wanyama hupinga kila matumizi ya mbwa katika uwindaji. Wengine hutofautisha kukimbiza mnyama mzima na kumtafuta aliyekwisha kujeruhiwa. Wapo pia wanaohofia kwamba mwindaji mwenye mbwa hodari atathubutu kupiga kutoka mbali mno, akijua mbwa atamsaidia. Waongozaji wengi wenyewe husisitiza kwamba mbwa ni msaada wa mwisho, na kwamba mwindaji asiye na hakika asipige.

Tazama pia

- Mbwa
- Uwindaji
- Chui
- Chui-milia
- Dubu
- Ujangili