Mtihani Uliotungwa Kumpima Mwalimu

Mtoto anayefanya mtihani wa Gredi ya Kwanza ya piano hukaa na mtahini kwa dakika 12 hivi. Hupiga vipande vitatu alivyovifanyia mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha skeli atakazotajiwa papo hapo. Hupewa mistari michache ya noti asiyowahi kuiona, pamoja na nusu dakika ya kuipitia kabla ya kuipiga. Mwishowe mtahini hupiga vifungu vifupi vya sauti na mtoto huviimba baada yake, au hupiga makofi kufuata mapigo. Mzazi husubiri nje ya mlango. Mtihani wa namna hii hufanywa Nairobi na Kampala kama unavyofanywa London na Hong Kong, na majibu yakitoka swali la nyumbani huwa lile lile: mtoto amepata ngapi? Ukifuatilia historia ya mtihani wenyewe, unaona kwamba waliouanzisha walikuwa na shaka na mtu mwingine kabisa. Walikuwa na shaka na mwalimu. Naamini mzazi anayelijua hilo humsaidia mtoto wake vizuri zaidi kuliko yule anayehesabu vyeti ukutani.

Turudi Uingereza ya nusu ya pili ya karne ya 19. Piano, ambayo awali ilikuwa chombo cha matajiri, ilianza kutengenezwa viwandani kwa wingi na kuuzwa kwa malipo ya awamu, ikaingia sebuleni mwa makarani na wenye maduka. Penye piano palihitajika mwalimu, na hakuna sheria iliyomtaka mwalimu wa muziki awe amesoma chochote. Aliyetaka kufundisha alibandika kibao mlangoni, akaanza kupokea ada. Kwa wanawake wa tabaka la kati wasioolewa, hii ilikuwa moja ya kazi chache za heshima zilizokuwa wazi kwao, na wengi waliifanya kwa uaminifu mkubwa. Lakini walikuwepo pia wababaishaji, na vilikuwepo vyama vyenye majina ya kifahari vilivyouza vyeti na hata majoho kwa yeyote mwenye fedha. Mzazi asiyejua noti hata moja hakuwa na njia ya kumtofautisha mwalimu wa kweli na mbabaishaji. Alikuwa analipa, mtoto anakwenda, na miaka inapita.

Trinity College ya London, iliyoanzishwa mwaka 1872, ilikuwa ya mwanzo kujibu tatizo hili. Kuanzia 1877 ilitahini wanafunzi ambao haikuwafundisha yenyewe. Mwaka 1889 Alexander Mackenzie, mkuu wa Royal Academy of Music, na George Grove, mkurugenzi wa Royal College of Music, waliziunganisha taasisi zao mbili, ambazo kwa kawaida zilikuwa zikishindana, wakaunda bodi ya pamoja ya mitihani. Ndiyo ambayo leo walimu wengi wa piano wanaijua kwa herufi ABRSM. Mitihani ya kwanza ilifanyika 1890, na waliojitokeza walizidi elfu moja kidogo. Sitaki kuwapamba waanzilishi hao. Mitihani ililipiwa, na taasisi zao zilihitaji mapato. Hata hivyo wazo lao lilikuwa zuri: mtu wa nje, asiyemjua mtoto wala mwalimu, anakuja na kusikiliza, na mzazi anapata kwa maandishi kile ambacho sikio lake halikuweza kumwambia. Alama ya mtoto ilikuwa taarifa ya ukaguzi wa somo. Hata sasa, mara nyingi anayemsajili mtahiniwa ni mwalimu wake, na matokeo humrudia yeye kwanza.

Mwanzoni hapakuwa na ngazi nane. Mtindo wa Gredi ya Kwanza hadi ya Nane ulikamilika mwaka 1933, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo maana ya mtihani ilipogeuka. Ngazi zikishakuwa nane na zenye namba, familia huanza kuzipanda kwa zamu, moja kila mwaka, na swali la kama mtoto anafundishwa vizuri linamezwa na swali la amefika wapi. Mwalimu naye hujifunza kufundisha vile vipande vitatu tu kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa ndivyo vyenye alama nyingi. Mtoto anamaliza mwaka akijua kupiga vipande vitatu, na ukimpa cha nne hajui aanzie wapi. Mtihani uliotungwa kumfichua mwalimu wa aina hii ukawa kichaka chake.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni la haki: bila mtihani, mtoto hafanyi mazoezi. Tarehe ikiwekwa, mkono unakwenda kwenye piano. Lakini utafiti uliogusa jambo hili moja kwa moja unaonyesha picha pana zaidi. Mwaka 1996 wanasaikolojia John Sloboda, Jane Davidson, Michael Howe na Derek Moore walichapisha matokeo ya kuwachunguza vijana 257 nchini Uingereza, wa viwango mbalimbali, kuanzia wanafunzi wa shule maalumu ya muziki hadi walioacha kabisa. Walitumia mitihani ya gredi kama kipimo. Waligundua kwamba saa za mazoezi zinazohitajika kutoka gredi moja hadi nyingine zilikaribia kuwa sawa kwa wote. Waliofika mbali hawakuwa na njia ya mkato. Walikuwa wamefanya mazoezi zaidi. Hivyo kauli ya “mtoto wangu hana kipaji” inapoteza uzito mkubwa, na mahali pake linakuja swali la kilichomfanya mtoto mmoja akae kwenye chombo siku baada ya siku na mwingine asikae.

Timu hiyo hiyo ililitazama swali hilo pia, na hapa ndipo mzazi anapoingia. Watoto waliofanikiwa zaidi walikuwa na wazazi walioshiriki sana mwanzoni kabisa: waliingia darasani na mtoto, walizungumza na mwalimu baada ya somo, na walikuwa karibu wakati wa mazoezi ya nyumbani. Wengi wao hawakuwa wanamuziki. Kadiri mtoto alivyokua ndivyo walivyomwachia, kwa sababu msukumo ulikuwa umeshahamia ndani yake. Kwa watoto ambao hawakufika mbali mambo yalikwenda kinyume. Mzazi alikuwa mbali mwanzoni, kisha akaongeza shinikizo katika umri wa ujana, wakati ambapo shinikizo halisaidii tena. Nikiwaza jinsi familia nyingi za mijini kwetu zinavyofanya, naona mtindo huu wa pili: dereva anampeleka mtoto wa miaka saba kwenye somo na kumrudisha, na baba anaanza kuuliza kwa ukali akiwa Gredi ya Tano. Ada imelipwa kwa wakati, lakini miaka iliyohitaji mtu wa kukaa kando ya kiti cha piano kwa dakika 15 jioni imekwisha kupita.

Pingamizi la pili linatoka upande tofauti. Wapo wanaosema mtihani huu ni mabaki ya ukoloni, na mtoto wa Kiafrika hana sababu ya kutahiniwa na Waingereza. Sehemu ya hoja hii naikubali bila kusita. Hakuna gredi ya ganuni wala ya udi katika silabasi ya ABRSM, na kwa miongo mingi watunzi waliotawala orodha ya vipande walikuwa wanaume wa Ulaya. Mwaka 2020 jambo hilo lilizua malalamiko ya wazi Uingereza kwenyewe. Ila ukisema kupimwa na kupewa cheti cha muziki ni jambo geni kwetu, historia inakukatalia. Kabla ya bodi ya 1889, mchungaji John Curwen alikuwa ameshaueneza mfumo wa solfa, aliouendeleza kutokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na ulikuwa na vyeti vyake vya ngazi mbalimbali. Haukuhitaji piano. Ulihitaji koo na karatasi iliyoandikwa herufi. Wafanyakazi wa viwandani na watoto wa shule za Jumapili waliujifunza kwa makundi, na wamisionari wakausafirisha hadi Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitumia solfa alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya “Mungu Ibariki Afrika”. Hadi leo kwaya nyingi za Tanzania na Kenya hujifunza nyimbo mpya kwa herufi hizo.

Nimeuleta mfumo wa Curwen kwa sababu moja zaidi. Watu walijifunza solfa wakiwa pamoja, na aliyejikwaa alibebwa na sauti ya jirani yake. Mtihani wa piano ulirithi sebule: mtoto mmoja, chombo kimoja, mlango umefungwa. Upweke huo, naamini, ndio unaowatoa watoto wengi kwenye muziki zaidi ya ugumu wa skeli. Pwani yetu ina ushahidi wake. Muziki wa taarab ulikua Zanzibar ndani ya vikundi. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kimepokezana wapigaji kizazi hadi kizazi kwa kijana kukaa nyuma ya wakubwa, kusikiliza, kuiga, kukosolewa na kurudi kesho. Msaada aliohitaji ulikuwa umeshakaa naye kwenye kiti. Tatizo la njia hiyo ni kwamba inategemea sana nani anakufahamu, na aliye nje ya mduara hana pa kugonga. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilipofungua milango Mji Mkongwe mwaka 2002, kilijaribu kuziunganisha njia mbili hizi: ganuni, udi na ngoma vikafundishwa na mafundi wa taarab, huku kukiwa na darasa, noti na cheti. Huo naona ni mwelekeo wenye akili kuliko kuchagua kati ya kuuabudu mtihani wa London na kuutupa.

Nirudi kwa mzazi ambaye tayari amemsajili mtoto wake, kwa maana wengi watafanya hivyo na wana sababu nzuri. Gredi ya Sita hadi ya Nane huhesabiwa katika pointi za kuombea vyuo vikuu vya Uingereza, na cheti kinachotambulika katika nchi nyingi humfaa mtoto asiye na jina kubwa la kumtambulisha. Ombi langu ni kwamba mzazi huyo aisome fomu ya alama jinsi Mackenzie na Grove walivyotaka isomwe. Jumla ni 150 na ufaulu unaanzia 100, Merit 120, Distinction 130. Kila kipande kina alama 30, skeli 21, kusoma noti papo kwa papo 21, na kusikiliza 18. Tuseme mtoto amepata 27, 26 na 27 kwenye vipande, skeli 14, kusoma 12 na kusikiliza 10. Jumla ni 116, amefaulu, na nyumbani kuna keki. Lakini kwenye kusoma kiwango cha ufaulu ni 14, na kwenye kusikiliza ni 12, kwa hiyo yuko chini kwenye vyote viwili. Fomu hiyo inasema mtoto ana bidii, vidole vyake viko sawa, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemwimbisha wala kumwekea mbele karatasi mpya. Hilo ni la mwalimu kujibu, kwa heshima na kwa utulivu, kabla ya ada ya muhula unaofuata. Kumgombeza mtoto kwa 116 ni kumwonea.

Na sasa hata hiyo fomu inabadilika. Mwaka 2020, korona ilipofunga vyumba vya mitihani, ABRSM ilileta gredi za onyesho zinazofanywa kwa video: vipande vinne vinapigwa mfululizo bila kukatwa, kila kimoja alama 30, na 30 nyingine kwa onyesho zima. Skeli, kusoma na kusikiliza havimo. Faida yake ni kubwa kwa mtoto aliye mbali na miji ambako watahini hufika, na kuna kanuni moja ninayoipenda: lazima mtu mzima asimamie rekodi, kwa hiyo mzazi aliyeachwa nje ya mlango tangu 1890 anaweza sasa kuwa ndani. Hasara ni kwamba zile sehemu tatu zilizokuwa zikimsema mwalimu hazionekani tena kwenye karatasi. Mzazi anayechagua njia ya video itabidi azitafute mwenyewe: aombe kuhudhuria somo moja kila mwezi, amwombe mtoto aimbe wimbo anaoupiga, na mara kwa mara amfungulie ukurasa wa kitabu ambao mwalimu bado hajaugusa, aone mtoto anauanzaje.