Bibi Fatima na Vito Vyake vya Dhahabu

Msimu wa harusi ukifika, mazungumzo yetu huwa ni dhahabu: kidani, bangili, seti ya kuonyesha wageni. Leo tumkumbuke bibi aliyekuwa na vito kutushinda sote.

Fatima binti Abdul-Malik alikuwa mjukuu wa khalifa, binti wa khalifa na dada wa makhalifa wanne. Mwaka 99 Hijria (717 Miladia) mumewe, Umar bin Abdul-Aziz, naye akawa khalifa huko Sham. Dola ya Bani Umayya ilienea kutoka Andalus hadi Sindi, lakini ndani ilishaanza kuoza. Jeshi lilikuwa limekwama mbele ya kuta za Konstantinopoli. Waliosilimu walikuwa bado wanatozwa jizya, na jamaa za watawala walikuwa wamejitwalia mali za watu.

Umar aliliita jeshi lirudi, akawaondolea jizya waliosilimu, akaagiza kila kilichodhulumiwa kirejeshwe. Alianza na mali yake mwenyewe. Kisha akamgeukia mkewe.

Vito vile Fatima alipewa na baba yake. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar alimpa hiari: avipeleke Baytul-mal, au waachane, kwani hakuweza kukaa navyo nyumba moja. Fatima akamchagua mumewe, na vito vikaenda.

Hapa tuelewane. Mahari ni haki ya mke, na mume hana ruhusa ya kuigusa bila ridhaa yake. Wala Umar hakumkataza mkewe kujipamba. Alichouliza ni dhahabu ile imetoka wapi.

Umar alitawala kiasi cha miaka miwili na nusu tu, akafariki mwaka 101 (720 Miladia). Yazid, kaka yake Fatima, aliposhika ukhalifa alitaka kumrudishia vito. Fatima akakataa. Hakuwa mtu wa kumtii mumewe akiwa hai, kisha amuasi akishakufa.

Mwaka 750 dola ile ilianguka. Jina la Umar bado linatajwa kwa heri, na la Fatima pamoja naye.

Basi bi harusi wetu, kabla hatujauliza seti ina gramu ngapi, tuulize imetoka wapi. Ni ya halali? Au kuna mtu atalipa deni lake miaka mitatu baada ya ngoma kuisha?

Allah atujaalie mapambo ya halali na waume wenye kumcha Yeye. Amin.