Ukuta, Maji na Tundu

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, birika la chooni lilikuwa na bakuli la kauri lililopachikwa chini kabisa, katika sakafu yake. Maji yalipopungua, samaki wadogo walijikusanya bakulini wakaishi humo hadi birika lijazwe tena. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Wageni huwastaajabia samaki. Waashi hulistaajabia bakuli, kwani limeshikamana na sakafu ya maji na birika halivuji.

Siri yake ni wakati. Fundi alilitia bakuli chokaa ikingali mbichi, vikakauka pamoja. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa iive. Kwa njia hiyohiyo bakuli za China zilipachikwa katika makaburi ya minara ya Mambrui na Kunduchi, na katika kibla cha msikiti mkuu wa Gede. Mwenye kutaka mahali pa kuweka taa au chetezo hakugongomea kitu ukutani: zidaka zilijengwa pamoja na ukuta wenyewe. Pambo halikuwa jeraha.

Unguja nayo iliijua hekima hiyo. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazade, ina maua yaliyochongwa katika lipu ya chokaa, na juu yake kuba za mawe badala ya boriti. Mvuke haukupata mti wa kuozesha. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akawajengea watu wa mjini hamamu iliyouachia mtaa wa Hamamni jina lake.

Nyumba za kawaida za Mji Mkongwe hazikuwa na kuba. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimelala ndani ya ukuta. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na nyumba moja ikaja kukaliwa na aila kadhaa. Vyoo na bafu vikaongezwa ghorofani, saruji ikapakwa juu ya chokaa, vigae vikabandikwa juu ya saruji. Kisha ikaja keekee ya umeme: tundu la kibao cha sabuni, tundu la fimbo ya pazia, tundu la bomba la mvua.

Kigae hakinywi maji, na kwa hiyo humdanganya mwenye nyumba. Maji hupita kando ya parafujo, huingia nyuma ya kigae, hukuta chokaa yenye vinyweleo, hushuka. Ukuta wa chokaa ulikuwa ukinyonya unyevu na kuutoa; saruji na vigae vimeufungia njia. Unyevu huo hutafuta ncha ya boriti, na boriti huoza kimya mahali pasipoonekana. Mpangaji wa chini huona doa darini, akapaka rangi.

Dawa yake haina makuu. Kinachoweza kubandikwa kwa gundi kisitobolewe. Kinachobeba uzito kitobolewe mbali na mkondo wa maji, taratibu, kigae kisipasuke; tundu lifutwe vumbi, likaushwe, lijazwe silikoni kabla ya kutiwa kijiti cha plastiki na parafujo, kisha shina la chombo lizungushiwe silikoni tena. Na kabla ya vigae vyenyewe, ukuta upate tabaka lisilopitisha maji, kwa kuwa kigae peke yake si kinga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakisemea ufa unaokuja wenyewe. Fundi wa birika angeliongeza tundu tunalolitoboa kwa mikono yetu: naye alilitia bakuli lake kwanza, ndipo akayaruhusu maji.