Picha Zako Zinalala Kando? Usilaumu Kamera Kabla Usome Hii

Msimu wa mahafali pale Moi University, Kesses, ama University of Eldoret, wapiga picha wa hili jiji huwa wanaomoka vipoa. Shida huja baadaye. Umepiga picha wima ndio kofia, joho na viatu vyote vitoshee, mteja amesimama na mathe na kogo wake, mambo iko sawa. Kufika kwa studio ya kuprinti, nusu ya picha zinalala kando. Mteja anaanza kuuliza kama kweli unajua kazi, na hapo doo inaweza hepa.

Tulia, msee. Mara nyingi hiyo picha haijaharibika. Kuna ujumbe mdogo tu haujasomwa.

Kamera hufanya nini ukiigeuza

Sensa ya kamera haizunguki. Ukishika kamera wima, picha bado inahifadhiwa ikiwa imelala. Chenye kamera inafanya ni kupima imeshikwa aje, halafu inaandika namba ndani ya faili, kwa sehemu inaitwa EXIF. Huo mfumo ulitoka Japan kwa miaka ya 90 na karibu kila kamera na simu inautumia.

Namba za kujua ni nne:

- 1: picha iko sawa, usiiguse.
- 3: iko miguu juu, igeuze nyuzi 180.
- 6: izungushe nyuzi 90 kufuata mshale wa saa.
- 8: izungushe nyuzi 90 kinyume cha saa.

Programu ikisoma hiyo namba, picha inasimama. Ikiipuuza, picha inalala. Ndio maana faili moja inaweza kuwa fiti kwa simu yako na iwe imelala kwa kompyuta ya saiba. Windows 7, kwa mfano, ilikuwa haisomi hiyo namba. Windows 8 na zilizofuata zinaisoma. Chrome nayo ilianza kuifuata kwa picha za kurasa zote mwaka wa 2020.

Jua shida iko wapi kwanza

Chukua faili yenyewe kutoka kwa memori kadi, si ile umetumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida, juu WhatsApp huikandamiza na kutoa maelezo mengi ya ndani. Ukitaka kutuma faili kama ilivyo, itume kama dokumenti. Sasa ifungue kwa programu mbili tofauti.

- Inasimama kwa moja na kulala kwa nyingine: namba iko, ni programu moja haiisomi.
- Inalala kila mahali: namba haikuandikwa, ama iliandikwa vibaya. Angalia kamera.
- Ilianza kulala baada ya wewe kuizungusha: imezungushwa mara mbili. Programu ya zamani iligeuza picha yenyewe lakini ikaacha namba 6 pale pale, so programu mpya inaigeuza tena.

Setingi za kamera

Kwa Canon, tafuta "Auto rotate" kwa menyu. Kuna chaguo tatu: alama ya kamera na kompyuta pamoja, alama ya kompyuta pekee, na kuzima. Wasee wengi huzima juu picha wima inaonekana kadogo kwa skrini ya kamera. Usizime. Chagua ile ya kompyuta pekee: kwa kamera itajaza skrini, kwa kompyuta itasimama.

Kwa Nikon nyingi, acha "Auto image rotation" ikiwa imewashwa. Kama hutaki picha ndogo kwa skrini, zima "Rotate tall". Hiyo inagusa tu vile kamera inakuonyesha, haigusi faili.

Kumbuka kuwasha leo hakurekebishi picha za jana. Na ukiona picha haijageuka pale tu umeibonyeza, hiyo si shida: kamera inajua bado umeishika wima.

Mahali sensa hudanganyika

Kamera hujua chini ni wapi kwa kufuata mvuto wa dunia. Ukipiga picha ya ugali na kibuyu cha mursik kutoka juu kabisa, lenzi ikiangalia meza, kamera haina njia ya kujua upande gani ni juu. Inaweza kubahatisha vibaya. Iinamishe kidogo, ama ukubali kuzirekebisha baadaye.

Kwa mbio pia kuna mtego. Kwa Nikon, ukipiga picha mfululizo mwanariadha akikaribia utepe, mwelekeo wa picha ya kwanza ndio unaandikwa kwa zote. Ukigeuza kamera katikati, zinazobaki zitalala. Achilia kitufe, geuza, ndio ubonyeze tena.

Kurekebisha bila kuua picha

Kwanza tengeneza kopi, na usiguse faili za kwanza. Kila mara unafungua JPEG, unaizungusha na kuisevu upya kwa programu ya kawaida, inaweza kupoteza ubora kidogo. Ukirudia mara kadhaa, uso wa mteja unaanza kuonekana vumbi vumbi.

Kwa Windows kuna IrfanView, ya bure kama si ya matumizi ya biashara. Weka na plagini zake, fungua JPEG, bonyeza Shift na J. Hapo unazungusha bila kuikandamiza upya, na inaweza kufuata EXIF yenyewe. Hii ndio njia poa kama mashine ya studio haisomi namba.

Kama ni namba tu imekosewa, tumia ExifTool, pia ya bure. Kwa picha iliyozungushwa mara mbili, andika:

exiftool -n -Orientation=1 picha.jpg

Kwa picha ambayo haina namba, weka 6 ama 8 badala ya 1, kulingana na upande imelalia. ExifTool hubadilisha namba pekee, na hukuwekea kopi ya faili ya kwanza yenye "_original" kwa jina.

Kabla ya kazi kubwa

Piga picha nne za kitu chenye maandishi: moja ya kawaida, moja wima kulia, moja wima kushoto, moja miguu juu. Zipeleke kwa ile studio utaprintia na uziangalie kwa mashine yao. Inachukua dakika kumi. Mahafali ya mtu hayarudiwi juu ya setingi, na kogo hatapanda matatu tena kutoka ocha ndio mpige picha upya.