Chama kikigombana, kliniki tunasikia (Sehemu ya 3)

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu. Wiki iliyopita wengi mliniuliza: nesi, siasa zinakuhusu nini? Nawajibu kwa kisa cha 2021, maana hicho nilikiona nikiwa na sindano mkononi.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza kifo cha Hayati Magufuli. Tarehe 19 akaapishwa. Hakukuwa na uchaguzi. Katiba yetu, ibara ya 37, inasema Rais akifariki Makamu anashika nafasi kwa muda uliobaki, na ilikuwa mara ya kwanza kutokea Tanzania. Chama kilekile, wabunge walewale. Ukitazama kutoka huku Migato ungesema hakuna kilichobadilika. Lakini ndani ya chama watu walikuwa wanapimana: nani bado yuko na mzee, nani yuko na mama?

Huku kwetu wazee walizoea kusema ugomvi ni wa wapinzani. Waliiona NCCR-Mageuzi baada ya uchaguzi wa 1995, Mrema upande huu na Marando upande ule, mpaka Mrema akahamia TLP mwaka 1999. Bariadi tumekuwa na UDP yetu pia, Mzee Cheyo, Bwana Mapesa, mnamkumbuka. CCM wao walisemekana wanamaliza mambo yao ndani.

Ila CCM ina kitu kinaitwa kofia mbili. Rais ndiye anakuwa na mwenyekiti wa chama, lakini kofia ya pili huwa haiji siku moja na ya kwanza. Nyerere aliacha urais 1985 akabaki mwenyekiti hadi 1990, kwa hiyo Mzee Mwinyi alitawala karibu miaka mitano kiti cha chama kikiwa na mwenyewe. Mkapa alikipata 1996, Kikwete 2006, Magufuli Julai 2016. Mama Samia hakuwa na mwenyekiti mstaafu wa kumkabidhi, basi mkutano mkuu maalumu ukaitwa Dodoma, akachaguliwa tarehe 30 Aprili 2021. Hesabu kutoka siku ya kiapo: siku 42. Sisi wakunga namba hiyo tunaijua. Ndizo siku tunazomfuatilia mama baada ya kujifungua, kwa sababu mtoto kutoka salama siyo mwisho wa hatari.

Kofia zote mbili akawa nazo. Utulivu ndio ulichelewa, na ulianzia kwenye corona.

Januari 27 mwaka huohuo, pale Chato, Hayati Magufuli alikuwa amesema wazi kwamba hana imani na chanjo za nje. Wizara ya Afya, chini ya Dkt. Dorothy Gwajima, ilikuwa inatuhimiza kujifukiza na kunywa tangawizi. Aprili Rais mpya akasema ataunda kamati ya wataalamu. Julai 24 zikaingia dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia COVAX, na Julai 28 Rais akachanjwa Ikulu kamera zikiwaka. Waziri ni yuleyule wa tangawizi, sasa anahimiza chanjo. Jamani, sisi wauguzi tulipewa miezi michache tu kugeuza ulimi, na wagonjwa wetu wana kumbukumbu!

Halafu mbunge wa Kawe, Askofu Josephat Gwajima, CCM huyohuyo, akasimama kanisani kwake akihoji usalama wa chanjo na kuwataka waumini wasiichome. Waziri akataka vyombo vya dola vimhoji. Gwajima kwa Gwajima, kule wodini tulikuwa tunachanganya majina. Kamati ya Bunge ya Haki, Maadili na Madaraka ikamwita, na tarehe 31 Agosti Bunge likamsimamisha asihudhurie mikutano miwili.

Dodoma likaisha. Kwangu halikuisha.

Wiki hizo nilikuwa zamu kliniki ya watoto, hospitali moja mkoani kwetu. Akaja mama na mtoto wa miezi tisa, mzito, ana afya, kadi imejaa vizuri. Siku ya surua. Nikavuta dawa, akanishika mkono. "Nesi, hii si ile ya mabeberu?" Nikamwambia mayu, hii ni surua, wewe mwenyewe ulichomwa ukiwa mdogo. Akasema mbunge amesema zinaharibu watu, na Rais amechanja, na wote ni wa chama kimoja. "Sasa mimi nimsikilize yupi?" Nilieleza nikachoka. Aliondoka na mtoto wake na kadi yake, na pale kwenye surua hakukuwa na tarehe.

Sikumlaumu. Mtu wa kulaumiwa kwa mama kuchanganyikiwa siyo mama.

Mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 ulikuja kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Ukajenga madarasa, ukaongeza vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Desemba Spika Job Ndugai, sasa ni marehemu, akasema hadharani kwamba kwa madeni haya ipo siku nchi itapigwa mnada. Alikuwa mtu mkubwa wa enzi ya Magufuli, na Spika kumsema Rais wa chama chake kuhusu mikopo si jambo dogo. Akaomba radhi Januari 3, 2022. Kesho yake Rais, akipokea taarifa ya fedha zilezile, akajibu kwamba maneno yale yana mawazo ya uchaguzi wa 2025 ndani yake. Tarehe 6 Ndugai akajiuzulu, Spika wa kwanza nchini kufanya hivyo. Tarehe 8 baraza likapanguliwa, Dkt. Gwajima akahamishwa, Afya akarudi Ummy Mwalimu. Februari 1 Tulia Ackson akawa Spika.

Mimi sijali sana nani alimshinda nani. Na mwenye kuhoji deni au dawa asinyamazishwe, hilo nalisema pia. Ila ukiwa kiongozi na una shaka na chanjo moja, itaje kwa jina. Ukisema "machanjo" tu, mama wa Migato anaelewa surua, polio na zote za kwenye kadi.

Yule mama alirudi baada ya wiki tano. Alikuja na mama mkwe wake, ambaye aliwahi kuzika mtoto wa surua zamani, na ndiye aliyemleta. Nikaandika tarehe kwenye kadi.

Mwenye mtoto wa miezi tisa au kumi na nane ambaye hajapata surua, usisubiri Sehemu ya 4. Njoo na kadi.